Jezi ya mtoto wako ina hadithi gani?

Ukipita kwenye meza za mitumba Kayanga au Omurushaka, si ajabu kuziona: jezi zenye vifungo mbele kama shati, maandishi makubwa kifuani na namba mgongoni. Kina mama huzipenda kwa sababu kitambaa chake ni kigumu, hakichaniki haraka kwa mtoto anayeshinda juu ya miti. Ni jezi za besiboli, mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira mdogo kwa gongo.

Mtoto akiivaa, halafu akauliza, "Baba, hii ni timu gani?", wengi wetu hujibu, "Ya Wazungu huko." Jibu hilo si sahihi kila mara. Baadhi ya jezi za aina hiyo hushonwa kwa kumbukumbu ya timu za watu weusi, na historia yake inafaa kusimuliwa mezani wakati wa chakula cha jioni.

Wafalme wasio na pa kulala

Timu mashuhuri kuliko zote iliitwa Kansas City Monarchs. Maana yake ni wafalme. Kwetu tungesema Abakama. Ilianza mwaka 1920, mwaka ule ule ambao Rube Foster, mchezaji mweusi aliyekuja kuwa mmiliki wa timu, aliwakutanisha wenzake mjini Kansas City wakaunda ligi yao wenyewe. Ligi kubwa za Marekani zilikuwa zimewafungia mlango. Hapakuwa na kanuni iliyoandikwa. Wenye timu walielewana kimyakimya, na ikawa hivyo kwa zaidi ya nusu karne.

Wachezaji hao walisafiri kwa basi usiku kucha. Katika miji mingi hoteli ziliwakataa na migahawa haikuwakaribisha, hivyo mara nyingi walikula na kulala humo humo ndani ya basi. Kesho yake walivaa jezi safi na kuingia uwanjani wakiitwa wafalme. Siku za Jumapili familia zilikwenda kuwatazama zikiwa bado na nguo za kanisani. Inasimuliwa kuwa makanisa mengine yaliwahisha ibada ili waumini wasikose mchezo.

Walikuwa pia wabunifu. Mwaka 1930 walianza kucheza usiku kwa taa walizozibeba kwenye malori, miaka mitano kabla ya ligi kubwa kuthubutu. Na vikombe walichukua: ubingwa wa mwaka 1924 na wa 1942.

Mkulima mmoja, walaji wengi

Mwaka 1945 kijana Jackie Robinson aliichezea Monarchs. Brooklyn Dodgers ikamchukua, na tarehe 15 Aprili 1947 akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuingia ligi kubwa katika karne ya 20. Dunia ilishangilia, na ilistahili kushangilia. Lakini Monarchs haikulipwa hata senti moja kwa ajili yake.

Mwanamke mmoja, Effa Manley, aliyemiliki timu ya Newark Eagles pamoja na mumewe, alikataa mchezo huo. Cleveland ilipomtaka mchezaji wake Larry Doby mwaka 1947, alidai malipo na akapata dola 15,000. Hata hivyo mashabiki waliwafuata nyota wao kwenye timu kubwa, na timu za weusi zikafa moja baada ya nyingine.

Heshima ilichelewa. Makumbusho ya ligi hizo yalianzishwa Kansas City mwaka 1990. Desemba 2020 ligi kuu ya besiboli Marekani ilikubali kuwa ligi hizo nazo zilikuwa ligi kuu, na mwaka 2024 ikaingiza takwimu zake kwenye vitabu vya rekodi. Josh Gibson wa Homestead Grays akawa kinara wa wastani wa kupiga mpira katika historia yote. Mwenyewe alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Robinson hajaingia uwanjani.

Leo kuna kampuni zinazoshona upya jezi hizo, nyingine kwa kitambaa cha sufu kama zamani, na timu ya Kansas City Royals huvaa nakala za jezi za Monarchs katika siku maalumu ya kuwaenzi. Ni jambo jema, lakini nguo peke yake haimrudishii mchezaji alichonyimwa. Bila mtu wa kusimulia, inabaki kuwa nguo tu.

Na sisi je?

Mwacha asili ni mtumwa. Watoto wetu wanajua namba za wachezaji wa Ulaya, lakini ni wangapi wanaojua kuwa Yanga ilianza mwaka 1935, au kwamba Simba iliitwa Sunderland hadi mwaka 1971?

Hapa Kagera tuna sababu ya pekee ya kuikumbuka jezi ya Taifa Stars. Agosti 1979, miezi michache baada ya vita vilivyoanzia kwenye mkoa wetu, bao la Peter Tino mjini Ndola lilitupa sare ya 1-1 na Zambia na kutupeleka Lagos, fainali za Afrika za mwaka 1980. Ilitubidi kusubiri miaka 39 kurudi huko, tulipoifunga Uganda 3-0 Machi 2019. Babu na bibi wengi wa Karagwe na Kyerwa wanazikumbuka siku za vita. Waulize mbele ya wajukuu, nao watafurahi kuulizwa.

Kabla hujatoa hela

Jezi isitangulie daftari wala mchango wa chakula shuleni. Mtoto aelezwe hivyo bila kufokewa. Mtumba safi si aibu: ukague mishono, uufue na kuupiga pasi. Ukinunua jezi mpya ya timu yetu, nunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa, maana ya bandia haiiachii klabu kitu, na tumeona Monarchs ilivyochukuliwa mchezaji wake bila kulipwa.

Kisha mpe mtoto kazi moja: atafute aliyeivaa jezi hiyo kabla yake, alikuwa nani na alipitia nini, naye aje akusimulie wewe.