Amekwisha au Bado? Mjadala wa Froome Barazani

Mashabiki wa michezo wana kasoro mbili. Ya kwanza ni kumzika mchezaji angali hai. Ya pili ni kukataa kumzika hata baada ya matanga kuondolewa. Kasoro zote mbili zimeonekana waziwazi katika mjadala wa Bw. Chris Froome, mwendeshaji baiskeli aliyezaliwa Nairobi tarehe 20 Mei 1985, ambaye jina lake limewabishanisha watu kwa miaka mingi.

Huenda msomaji akauliza, baiskeli na baraza wapi na wapi? Sisi watu wa Mwambao mazungumzo yetu baada ya sala ya Isha ni mpira, siasa na bei ya samaki. Baiskeli tumeizoea kwa kubebea mikate, madafu na abiria, si kwa kushindania. Lakini Bw. Froome aliposhinda Tour de France mwaka 2013, kisha akarudia 2015, 2016 na 2017, hata mtu asiyewahi kukanyaga pedali alianza kuuliza: "Yule kijana wetu leo yuko wapi?"

Hapo ndipo ubishi wa kwanza unapozuka. Ni kijana wetu kweli? Wako wasemao kwamba mtu ni pale alipofunzwa, na Bw. Froome alifunzwa na Bw. David Kinjah, katika kijiji cha upande wa Kikuyu, akipanda vilima pamoja na vijana wenzake. Tena alivaa jezi ya Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne mwaka 2006. Wapinzani wao hujibu kwamba tangu mwaka 2008 alikuwa na leseni ya Uingereza, na ushindi wake wote mkubwa umeandikwa chini ya bendera hiyo. Mcheza kwao hutuzwa, wasema, na huyu hakuchezea kwao.

Ubishi huo tuuache, maana hauna mwisho. Ulio na faida zaidi ni ule wa fomu: je, mtu huyu angali na nguvu za kushinda au amekwisha? Swali hili ndilo linalomkosesha usingizi shabiki kila mashindano yanapokaribia.

Kabla ya kuhukumu, yafaa tukumbuke mashindano yenyewe yalivyo. Tour de France si mbio za siku moja. Ni hatua 21 katika muda wa majuma matatu, kiasi cha kilomita 3,400, juani, mvuani na milimani. Saa za kila siku hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Mashindano ya Italia yaitwayo Giro na yale ya Hispania yaitwayo Vuelta huenda kwa utaratibu huo huo. Kwa hiyo mtu aweza kushindwa Jumatatu, akachechemea Jumatano, na bado akavikwa taji Jumapili ya mwisho. Shabiki anayetoa hukumu kwa kutazama siku moja ni sawa na mpishi anayeonja pilau kabla haijaiva.

Tuchukue mwaka 2018. Mwaka huo Bw. Froome alikuwa na mzigo mzito. Katika Vuelta ya Septemba 2017, aliyoishinda, mkojo wake ulipimwa ukaonekana una dawa ya pumu, salbutamol, kupita kiwango kilichowekwa. Dawa yenyewe haikukatazwa. Kilichokatazwa ni kuzidisha. Kesi hiyo ilikuwa bado haijaamuliwa alipokwenda kwenye Giro mwezi wa Mei, na wengi walimtaka asishiriki mpaka ikatwe. Tena mwaka huo wote alikuwa hajashinda shindano lolote.

Giro ilianzia Jerusalem, mji tuujuao zaidi kwa jina la Quds, tarehe 4 Mei. Asubuhi ya siku ile ile ya kwanza, alipokuwa akiikagua njia, Bw. Froome alianguka. Jioni akawa amepoteza sekunde 37. Siku ya nane akaanguka tena katika mvua. Siku ya tisa akaachwa mlimani. Basi ikawa ni kauli moja: amekwisha! Wenye kumtetea walibaki wachache, nao wakisema kwa sauti ya chini.

Siku ya 14 alishinda hatua ya mlima Zoncolan, watetezi wakainua vichwa. Siku ya 15 akaachwa tena, wakainama. Ilipofika asubuhi ya hatua ya 19 alikuwa wa nne, dakika 3 na sekunde 22 nyuma ya Mwingereza mwenzake, Simon Yates.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, tarehe 25 Mei 2018, nasi tulikuwa katika mwezi mtukufu wa Ramadhani. Saa za alasiri, watu huku wakiingoja magharibi, Bw. Froome alikuwa akiupanda mlima uitwao Colle delle Finestre, ambao kilele chake kina mita 2,178 na sehemu yake ya juu haina lami bali changarawe tupu. Zilikuwa zimebaki kilomita 80. Aliwaacha wenzake wote akaenda peke yake.

Kilomita 80 peke yako milimani ni jambo ambalo mwenye akili halijaribu katika juma la tatu. Lakini wachache walijua kwamba jambo lile lilikuwa limepangwa kwa hesabu. Timu yake ilikuwa imewatawanya watu wake njiani mlimani wampe maji na chakula, ili asibebe uzito bure wala asiishiwe na nguvu. Alifika Bardonecchia dakika tatu mbele ya aliyemfuata. Yates alipoteza zaidi ya nusu saa. Bw. Froome akavaa jezi ya waridi, akaishinda Giro kwa sekunde 46 mbele ya Tom Dumoulin wa Uholanzi, na kwa wakati mmoja akawa ndiye bingwa wa Ufaransa, Hispania na Italia. Tarehe 2 Julai mwaka huo chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kiliifunga ile kesi bila ya kumpa adhabu. Wako waliotosheka na wako ambao hawajatosheka mpaka leo.

Basi waliomzika wakaumbuka. Laiti hadithi ingekomea hapo, tungesema funzo lake ni moja tu: usimkatie mtu tamaa. Lakini hadithi haikukomea hapo.

Tarehe 12 Juni 2019, katika mji wa Roanne nchini Ufaransa, Bw. Froome alikuwa akikagua njia ya mbio za siku hiyo. Kwenye mteremko, akienda mwendo wa karibu kilomita 54 kwa saa, aliachia mkono mmoja ili apenge kamasi. Upepo ukampiga, akagonga ukuta. Alivunjika mfupa wa paja, kiwiko na mbavu, akapasuliwa kwa muda wa saa sita. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na hakuna aliyeuona ukweli wa maneno hayo kuliko mtu huyu. Mwezi uliofuata, akiwa bado anauguza mifupa, alitangazwa mshindi wa Vuelta ya mwaka 2011, baada ya aliyeishinda, Juan José Cobo, kunyang'anywa kwa sababu ya dawa zilizokatazwa.

Sasa kasoro ya pili ikaanza. Wale waliofunzwa na Giro ya 2018 walisema: "Mlimzika akafufuka. Ngojeni tu!" Wakangoja. Bw. Froome alirudi mashindanoni Februari 2020 katika mbio za Falme za Kiarabu, ambako wengi wetu tuna ndugu na jamaa, na mbio hizo zenyewe zikakatizwa kwa ajili ya korona. Mwaka 2021 alihamia timu ya Israel Start-Up Nation. Katika Tour ya mwaka huo alimaliza wa 133. Watetezi wakasema paja halijakaza. Tarehe 14 Julai 2022 alifika wa tatu juu ya mlima maarufu wa Alpe d'Huez, watetezi wakashangilia kama kwamba ameshinda. Lakini siku chache baadaye alijitoa kwa korona, na kufikia mwaka 2025 hakuwa amerudi tena katika Tour. Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka 40, alianguka mazoezini kusini mwa Ufaransa, akaumia mbavu, pafu na uti wa mgongo. Tangu Giro ya 2018 mpaka hapo hakuwa ameshinda shindano jingine barabarani.

Je, waliomtetea walikosa? Kwa mapenzi hawakukosa. Kwa hesabu walikosa. Walidhani kwamba kwa kuwa mtu aliinuka mara moja, ataweza kuinuka daima. Hawakutofautisha kuchoka na kuvunjika. Mwaka 2018 alikuwa mzima aliyeumia kidogo, na siku zilizobaki zilitosha kumrudisha. Baada ya 2019 alikuwa mtu aliyeunganishwa upya, akishindana na vijana ambao wengine walikuwa watoto wa shule wakati yeye anavaa jezi ya manjano kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo mashindano yanapokaribia, kabla ya kusema amekwisha au bado, yafaa shabiki ajiulize mambo matatu. Kwanza, alipoachwa, aliachwa kwa sekunde au kwa dakika nyingi, tena mara moja au kila siku? Pili, mwili wake umepatwa na nini, na umri wake umefika wapi? Tatu, timu yake inamtumikia, au yeye ndiye anayetumwa kuwachotea wenzake maji? Majibu ya maswali hayo yatasema zaidi ya makelele yetu.

Mizani hiyo tutaihitaji, maana mjadala umekwisha kuhamia kwa kijana wa Asmara, Bw. Biniam Girmay wa Eritrea. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano hayo, na akarudi nyumbani na jezi ya kijani. Mwaka 2025 alifika wa pili siku ya kwanza kabisa, kisha Tour ikaisha bila ya yeye kupata hatua hata moja. Papo hapo mashabiki wakaanza: kijana amelewa sifa, kijana amekwisha.

Amekwisha vipi mtu wa miaka 25 aliyepitwa mstarini na mmoja tu? Hakuvunjika paja wala hakuuguza mwaka mzima. Mkimbiaji wa mwendo wa mwisho kama yeye huhitaji wenzake wamfungulie njia, na nafasi ikimponyoka kwa kitambo kidogo tu, siku nzima imekwenda. Huko si kwisha. Huko ni kukosa.

Nguvu za mwili ni amana. Mwenyezi Mungu humpa mtu kwa muda autakao, na huzichukua siku asiyoitazamia mwenyewe wala sisi tuliokaa na vikombe vya kahawa mkononi. Tumshangilie aliye nazo, tumheshimu aliyekuwa nazo, na tusiwe wepesi wa kuliita tanga ambalo halijawekwa.