Mikono Miwili, Kazi Tatu

Sisi tuliopata kulinda mpaka wa Busia, baina ya Uganda na Kenya, twawafahamu ndugu zetu walemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu ziendeshwazo kwa mikono. Kesho mmoja wetu aweza kukanyaga bomu la ardhini, akakalia kiti kama kile. Basi tujifunze mapema.

Katika chombo hiki mikono ndiyo injini, ndiyo usukani, ndiyo breki. Ikichoka, vyote vitatu vimechoka. Kwa hiyo mwendeshaji hana budi kujaribu breki kabla ya safari, na kupunguza mwendo kabla ya mteremko na kabla ya kona, kwani akikata kona kwa kasi hupinduka. Mzigo ukae chini, katikati ya magurudumu ya nyuma. Kwa kuwa kiti ni cha chini, bendera ndefu na taa nyekundu zimwonyeshe kwa madereva wa malori.

Nasi tunaomsaidia tusimsukume ghafla. Katika baadhi ya baiskeli hizi, gurudumu likizunguka, vishikio navyo huzunguka, vikamwumiza vidole. Tumwulize kwanza, ndipo tusukume.