Tumejuaje Kwamba Si Lori?

Wanachuo wenzangu wa ualimu, mazoezi ya kufundisha yakifika, baadhi yetu tutapangiwa shule za Kasulu na Kibondo. Mwanafunzi akikuuliza mawimbi ya uvutano ni nini, usimkatishe tamaa kwa kusema hayo ni ya chuo kikuu. Yanaelezeka vizuri tu, hata pasipo maabara.

Mwaka 1916 Einstein alionyesha kwamba vitu vizito sana vikizungukana, vinaitikisa nafasi yenyewe. Mtikisiko huo husambaa kwa kasi ya mwanga. Ukitupitia, hurefusha nafasi upande mmoja na kuifupisha upande mwingine, kisha kinyume chake. Hatuhisi kitu, maana badiliko ni dogo mno.

Sasa linapimwaje? Kituo cha LIGO huko Marekani kina mabomba mawili yaliyokaa kama herufi L, kila moja kilomita 4. Mwanga wa leza unagawanywa, nusu huku nusu kule, unagonga vioo na kurudi. Vipimo visipobadilika, mawimbi ya mwanga yanafutana. Upande mmoja ukirefuka, hata kwa kiasi kidogo mara mamia kuliko protoni, mwanga hafifu unajitokeza.

Lakini hata lori linaweza kutikisa vioo! Ndiyo maana kuna vituo viwili. Chukulia kimoja kiko Kasulu, kingine Kibondo. Lori la maharage likitikisa Kasulu, Kibondo hawana habari. Wimbi la angani litapita kote kuwili. Vituo halisi, Livingston na Hanford, vimeachana kilomita 3,000 hivi. Tarehe 14 Septemba 2015 vilinasa mtikisiko uleule, vikipishana takriban sehemu 7 za elfu za sekunde. Chanzo chake: mashimo meusi mawili yaliyoungana zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita.

Na tusidhani elimu hii haijawahi kukanyaga kwetu. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndipo ikapata jina. Vipimo vyake vilisaidia kukitambua Cygnus X-1, mojawapo ya vitu vya kwanza angani kudhaniwa kuwa shimo jeusi.

Kwa hiyo ukiwa darasani, chora L mbili ubaoni, moja Kasulu, moja Kibondo, kisha waulize: tumejuaje kwamba si lori? Waache wabishane. Hapo fizikia imeanza.