Mvinyo wa miaka 30 hauchachi?

Wadau, jamaa mmoja hapa Kibimba kaniuliza: pombe yetu ya ndizi inachacha ndani ya siku chache, iweje chupa ya Château Latour ya miaka 30 iuzwe zaidi ya milioni?

Siri ni ganda la zabibu. Lina tanini, ile inayokausha ulimi ukitafuna ndizi mbichi. Inaukinga mvinyo na hewa, na miaka ikienda inalainika.

Latour waliwekwa daraja la kwanza Bordeaux mwaka 1855. Mwaka 2012 wakatangaza hawauzi tena mvinyo ukiwa bado kwenye mapipa, wanaukalia mpaka ufae. Jeuri ya pesa hiyo! Dodoma wanavuna zabibu mara 2 kwa mwaka, ila mkulima gani mwenye madeni atasubiri miaka 10?