Kuaga Kabla ya Kupanda: Usalama Katika Mgongo wa Wanale



Kampala imejengwa juu ya vilima. Wakazi wake wengi hufanya mazoezi ya alfajiri kwa kupanda Naguru, Kololo au Muyenga, na kila mmoja wao anajua kwamba akichoka, hatua chache zitamfikisha penye barabara ya lami na bodaboda. Mazoea hayo ni mema, lakini hayamfundishi mtu mlima. Mwisho wa juma, baadhi ya vijana haohao husafiri zaidi ya kilomita 200 kuelekea mashariki hadi jiji la Mbale, wakauona mgongo wa Wanale umesimama juu ya mapaa ya nyumba, wakadhani ni kilima kingine cha mazoezi.

Katika makala haya tunaeleza tofauti iliyopo. Tunawaeleza wapandaji, na zaidi tunawaeleza ninyi mnaoishi kandokando ya Mlima Elgon, upande wa Uganda na upande wa Kenya. Mgeni anapopotea usiku, mlango unaogongwa kwanza ni wenu.

Mlima ulio mlangoni mwa jiji

Wanale ni mkono wa magharibi wa Mlima Elgon, volkano iliyozimika zamani sana, ambayo kilele chake kikuu, Wagagai, kina urefu wa mita 4,321. Jiji la Mbale liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,150, ilhali mgongo wa Wanale unapita mita 2,000. Kwa kawaida joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mtu apandapo mita 1,000. Aliyetoka mjini kwa fulana nyepesi, akaloweshwa na mvua huko juu na kupigwa na upepo, aweza kuanza kutetemeka na kuchanganyikiwa akili, huku taa za jiji akiziona chini yake.

Juu ya mgongo kuna vijiji, migomba na mashamba ya kahawa. Kuna pia sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1993, yenye njia za matembezi ziendazo hadi pango la Khauka, ambako huonekana magogo ya kale yaliyogeuka mawe. Barabara ya gari hupanda kwa kuzunguka, lakini vijia vya wenyeji hukwea moja kwa moja kando ya magenge. Mgeni humwona mama akiteremka kijia hicho na mzigo wa kabichi kichwani, akafikiri njia ni rahisi. Mama yule amekipita tangu utotoni, na anajua ni jiwe lipi huteleza baada ya mvua.

Maji hayasubiri

Udongo wa mlima huu ulitokana na volkano. Una rutuba na kina kirefu, na ukishiba maji hupoteza mshiko wake. Tarehe 1 Machi 2010, mlima ulimeguka Bududa na kukifukia kijiji cha Nametsi, na miili ya wengi haikupatikana kamwe. Maporomoko mengine yaliua watu Bududa mwezi Oktoba 2018, na Bulambuli mwezi Novemba 2024. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022, mito ishukayo kutoka mlimani, ukiwamo Nabuyonga upitao katikati ya Mbale, ilifurika na kuua watu zaidi ya ishirini.

Kwa hiyo, mpandaji asiangalie anga la mahali aliposimama peke yake. Mvua inayonyesha kileleni hufika bondeni ikiwa mto. Ukiona nyufa mpya ardhini, miti iliyoinama ghafla, chemchemi iliyogeuka tope, au kijito kilichopungua maji wakati mvua bado inanyesha, ondoka bondeni upesi na uwatahadharishe walio chini. Kijito kilichopungua namna hiyo huenda kimezibwa juu, na kizibo kikiachia, maji yote hushuka kwa mkupuo. Wala mtu asijaribu kuvuka maji yaendayo kasi kwa sababu tu jana aliyavuka.

Maana ya kuaga

Katika mila zetu, msafiri haondoki bila kuaga. Mlimani, desturi hiyo huokoa maisha. Kabla ya kupanda, mwachie mtu mmoja mjini na mwenyeji mmoja kijijini mambo matatu: mko wangapi na ni akina nani, mtapita njia ipi, na mtarudi saa ngapi. Mwenyeji anayefaa zaidi ni mwenyekiti wa kijiji (LC1). Ndani ya hifadhi, ripotini kwa askari wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda na mwende na mwongozaji.

Sababu yake ni hii. Kitako cha Mlima Elgon kina upana wa takriban kilomita 80. Tukipigiwa simu kwamba kijana fulani hakurudi, na hakuna ajuaye alipita wapi, saa za mwanzo hupotea katika kuulizana, nazo ndizo saa ambazo majeruhi bado ana nguvu za kuitika. Tukijua njia, tunajua pa kuanzia.

Anzeni asubuhi na mapema, na mkubaliane saa ya kugeuka. Sisi tunashauri saa nane mchana, hata kama kilele mnakiona. Katika nchi zetu za ikweta jua likizama giza huingia upesi. Bebeni maji, koti la mvua, tochi na filimbi. Milio sita ya filimbi katika dakika moja, ikifuatwa na kimya cha dakika moja, ni ishara ya kuomba msaada inayojulikana na wapanda milima. Simu isitegemewe peke yake, kwa kuwa mabonde mengine hayana mtandao. Penye mtandao, pigeni 999 au 112.

Mgeni aliyepotea na mwizi

Hapa tunawageukia ninyi wenyeji. Mtu aliyepotea hutembea usiku, hujificha mvua bandani mwa mtu, na huenda asijue lugha ya kijiji. Machoni pa aliyeibiwa ng'ombe, anafanana kabisa na mwizi. Tunawasihi: piganeni mayowe mkusanyike, lakini msinyanyue fimbo. Mwulizeni jina, mketisheni, mwiteni mwenyekiti na polisi. Ikiwa kweli ni mhalifu, sheria ipo. Ikiwa ni mtoto wa watu aliyepotea njia, mtakuwa mmejiepusha na damu isiyo na hatia. Mgeni aliyeaga kwa mwenyekiti asubuhi hujulikana jioni, na kuaga kwake humlinda dhidi ya hasira za watu.

Kumbukeni pia kwamba huko juu mpaka wa Uganda na Kenya hauna ukuta. Mto Suam huanzia ndani ya kasoko ya mlima na kutokea mashariki, na mtu aliyepotea aweza kujikuta nchi ya pili bila kukusudia. Anayetaka kuvuka kwa miguu apange mapema na mamlaka za hifadhi na uhamiaji za nchi zote mbili. Aliyevuka kwa bahati mbaya asifichwe. Mfikisheni kituo kilicho karibu, iwe Suam, Lwakhakha au penginepo, ili ndugu zake waache kumtafuta upande usio wake.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wapandaji huleta kipato kwa waongozaji, wauza chai na waendesha bodaboda, nasi tunataka waendelee kuja. Basi, mkimwona mgeni akianza kupanda, msimwache apite kimya. Mwulizeni anaitwa nani, anaelekea wapi, na atarudi saa ngapi.