Ngome ya Yesu na Historia ya Neno "Mwambao"

Anayezuru makumbusho ya Ngome ya Yesu, kandokando ya Mji wa Kale wa Mombasa, aghalabu husimuliwa habari za Wareno walioanza kuijenga mwaka 1593. Makala haya yanamwelekeza msomaji kwenye bendera.

Kwa mujibu wa mkataba wa 1895, Uingereza ilitawala ukanda wa pwani wa maili 10 kwa kumlipa Sultani wa Zanzibar kila mwaka. Ngome iligeuzwa gereza hadi 1958, ilhali bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu yake.

Uhuru ulipokaribia, bendera hiyo ilizua mjadala. "Mwambao", neno linalotaja ardhi iliyopakana na bahari, likawa jina la madai kwamba ukanda huo ujitawale. Wapinzani walishikilia Kenya moja. Oktoba 1963, Mawaziri Wakuu Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohamed Shamte wa Zanzibar walikubaliana uwe sehemu ya Kenya.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa Kiswahili anayelikuta neno hilo katika maandishi ya miaka hiyo asitosheke na fasili ya kamusi. Kwanza aulize: nani alilitamka, na chini ya bendera ipi?