Kuvumwani kwenye ukuta ya depo: tusome alama yake mbele ya kuipalua

Hapa Kapalata, ukuta usiopata jua haukawii kugeuka kijani. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, mvua inapita milimita 1.700 kwa mwaka, na hakuna mwezi wenye kukauka kabisa. Ndiyo maana wanamemba wa koperative wanatuuliza mara mingi: ile kuvumwani, majani mafupi laini yenye kulala kwenye ukuta kama blanketi, inakula nyumba?

Jibu letu: kuvumwani yenyewe haikuli ukuta. Haina mizizi ya kweli. Ina nyuzi ndogo za kujishikilia tu, na maji inayakunywa kwa majani yake. Ikikosa maji inakauka na kulala. Mvua ikirudi inaamka. Basi pale munaiona kijani siku zote, maji inakaa pale siku zote. Mukiipalua bila kuondoa maji, itarudi.

Kule Ulaya wanaitafuta upande wa kaskazini, maana jua haifiki pale. Kwetu jua inapita miezi kaskazini, miezi ingine kusini. Tuangalie mambo mengine:

- Kijani chini ya ukuta, mpaka kwa magoti: maji ya paa inaanguka karibu na kurusha matope, ao unyevu unapanda toka udongo.
- Mstari wa kijani toka juu: manjanja imetoboka ao paa inavuja.
- Upande mzima: mwembe, avoka ao migomba inafunga jua na upepo.
- Juu ya paa ya ndele: mteremko ni mdogo, maji haishuki mbio. Hapa kuvumwani inaongeza hasara, kwa sababu inashika maji kama sponji na ndele inaoza.

Hatulii juu ya uzuri wa ukuta. Tunalilia magunia. Mpunga wa kuweka depo usipite 14% ya maji, mahindi 13%, karanga iliyotolewa maganda 7%. Gunia lenye kuegemea ukuta wa maji linakunywa ule unyevu, hata kama mulianika vizuri. Halafu kuvu inaingia. Kwenye mahindi na karanga, kuvu ingine inaacha sumu inayoitwa aflatoksini: inaharibu ini, na kupika hakuiondoi. Na mpunga wa mbegu ukishika unyevu, mwezi wa tatu mutapanda, hautaota. Msimu mzima umeenda.

Miezi ya kumi na mbili, ya kwanza na ya pili mvua inapunguka. Tufanye kazi wakati ule, kwa utaratibu huu:

1. Maji kwanza. Zibeni matundu ya paa, ongezeni ukingo wake utoke sentimita 60 ao zaidi nje ya ukuta, chimbeni mfereji wa kupeleka maji mbali.
2. Kateni matawi na migomba iliyo karibu, upepo upite.
3. Siku ya jua, palueni kwa brashi kavu. Ukuta wa matofali mbichi musiumwangie maji. Ukikauka, pakeni chokaa. Mufunike mikono na macho, chokaa inaunguza.
4. Ndani, magunia yakae juu ya mbao, sentimita 10 mpaka 15 toka chini, na nusu metre toka ukuta.
5. Pimeni nafaka: chupa kavu ya kioo, nafaka mpaka theluthi moja, kijiko cha chumvi kavu. Tikiseni dakika moja, ngojeni dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, nafaka ina maji kupita 15%, irudi juani.

Wiki hii, zungukeni depo yenu kwa nje. Kila mahali pa kijani, ingieni ndani na muweke alama ya makaa upande uleule. Gunia lolote lisikae pale mpaka ukuta ukauke.